Kura Zilizoandikwa Kavira

Butembo, mwanamke akishazaa, jina lake linafungiwa kabatini. Hakuna anayemnyang'anya kwa ubaya. Ni heshima tu. Anakuwa Mama Kambere, Mama Précieuse, Mama fulani, na huyo fulani ni mtoto wake wa kwanza. Miaka ikipita hata mume wake anamwita hivyo, hata padri, hata daktari anayemwandikia dawa. Ukitaka kujua mama huyo alibatizwa nani, subiri msiba wake. Utalisikia jina kanisani kwa mara ya kwanza, na utamgeukia jirani yako umwulize ni nani huyo anayezikwa.

Ndiyo maana pale soko kuu, upande wa maharagwe, jina la Kavira lilikuwa la mtu mmoja. Si kwamba akina Kavira walikuwa haba. Wanande, kabila la hapa, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, na binti wa pili wa karibu kila nyumba ni Kavira, kwa hiyo mji umejaa. Lakini hao wengine walikuwa wamezaa, wakageuka akina Mama. Aliyebaki Kavira mtupu, na mvi zimekwisha kuchungulia chini ya kitambaa cha kichwa, alikuwa Kavira Agar, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mteja kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo Agar lilikuwa la ubatizo na halikuwahi kupata kazi. Baba yake alilichagua bila kufikiri sana, kisha likaja kuwa mzaha mbaya, kwa sababu Agari, kijakazi wa Biblia, ndiye aliyezaa wakati bibi yake ameshindwa.

Alizaliwa Vuhovi, akalima huko mpaka alipoolewa na Mathe, mnunuzi wa kahawa. Mathe hakuwa mtu mbaya. Ubaya ulikuwa kwa dada zake na mama yake, waliokuja kila Jumapili kutazama tumbo la Kavira kabla ya kumtazama usoni. Alikunywa majani ya kila rangi. Alikwenda hospitali ya masista, akaenda kwa waombeaji, akaenda mpaka kwa mganga mmoja wa Luofu aliyemwogesha kwa maji yaliyonuka siku nzima. Hakuna kilichotokea. Mwisho Mathe akaanza kuchelewa Beni, mji alikonunulia kahawa. Barabara mbaya, alisema. Na kweli barabara ya Beni ina mambo yake, waasi hutoka porini wakaua watu na kuchoma magari; lakini barabara haimzuii mtu miezi mitatu kisha ikamrudisha amenenepa na shati limepigwa pasi.

Kavira alifunga safari mwenyewe. Huko Beni aliikuta nyumba ya pili ya Mathe, katika mtaa wanaouita komine ya Ruwenzori, akamkuta msichana mpole aliyetishika kumwona, akamkuta na mtoto. Hakupiga mtu. Aliomba ampakate yule mtoto, akampakata, akamrudisha kwa mama yake, akapanda gari la Butembo. Alilia njia nzima na hakujificha. Wiki iliyofuata alipanga chumba karibu na soko na kutandika maharagwe yake chini, na tangu siku hiyo hakuomba chakula kwa mtu.

Siasa nayo ilimkamata Beni hiyohiyo, miaka baadaye. Ilikuwa mwaka ule serikali iliposema kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais pamoja na wenzao, kwa sababu ya Ebola na vita. Kavira alikuwa amepeleka magunia, akaamka akakuta watu wa Beni wamejipanga mistari wenyewe, wamejitengenezea masanduku, wananawa mikono kwa maji ya klorini mmoja baada ya mwingine, wanapiga kura ambayo hakuna aliyewaomba. Akaacha magunia, akajipanga. Alijua kama wote walivyojua kwamba kura ile haitahesabiwa popote. Lakini alipoitumbukiza karatasi yake alijisikia mtu, akarudi Butembo akajiandikisha katika chama.

Chama chenyewe kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelimaliza. Watu walikiita Jembe, kwa alama yake. Na katika Jembe, Kavira akafanya yale wanawake wanayofanyishwa katika vyama: kupika siku za mikutano, kuvaa kitenge cha chama, kucheza mbele ya wageni wa Kinshasa wanaoshuka kwenye ndege wamechoka kabla ya kuanza kazi. Alipika. Alicheza. Pia alizunguka mitaani na vijijini akisajili watu, na hapo ndipo kila mtu alipomjua. Ukiuliza mkulima wa Vuhovi ni nani aliyemwingiza katika Jembe, jibu lilikuwa Kavira.

Basi rais wa tawi la Butembo akazeeka, akahamia Kampala kwa wanawe. Kiti kikabaki wazi, na uchaguzi mkuu unakuja. Si kiti kidogo. Anayekikalia ndiye anayeongoza kampeni ya mji mzima, na ndiye anayesema nani atasimama kuwa mbunge na nani atabaki kupiga makofi. Katibu, Kakule Stanislas, muuza mabati na saruji, alikwisha kushonesha koti. Kamati ilipokutana kusajili wagombea, alijitaja yeye, watu wakapiga makofi, mwandishi akataka kufunga.

"Mungojee," Kavira akasema kutoka nyuma. "Muandike na miye."

Wanaume wakacheka, si kwa chuki, kwa mshangao. Stanislas akacheka kuliko wote.

"Kavira! Na siku ya congrès, nani atatupikia?"

"Utapika weye, Stani. Miye nitakuwa na kazi."

Akaandikwa. Hakukuwa na sheria ya kumkataza.

Tuseme wazi kwa nini alikitaka kile kiti, maana watu walisema mengi. Alikitaka kwa ajili ya wanawake wa soko, waliokuwa wakiombwa kura kila uchaguzi na kusahauliwa kabla wino haujatoka kidoleni. Alikitaka kwa ajili ya watu waliokimbia vita Luofu na vijiji vya kusini, waliokuwa wanalala familia tatu chumba kimoja mjini na hakuna aliyewataja katika mkutano wowote. Na alikitaka kwa ajili yake mwenyewe. Maisha yake yote watu walikuwa wamemhesabu kwa kitu ambacho hakukipata. Alitaka mara moja wamweke mahali kwa sababu ya alichofanya. Hakuona haya kutaka hivyo.

Kwa wiki nyingi alikaza mwendo. Alimwachia Jokébed, jirani yake sokoni, meza ya maharagwe, akapanda pikipiki mpaka Vuhovi, akaingia vyumba vya wahamiaji wa Luofu, akaketi na wajumbe watakaopiga kura, mmoja mmoja. Hakugawa kofia wala fulana, kazi hiyo Stanislas aliifanya vizuri. Yeye aliuliza tu: mara ya mwisho chama kilikuja kukuona lini, na aliyekuja alikuwa nani? Wajumbe wakafikiri, wakacheka, wakasema alikuwa yeye. Siku zilipokaribia, Jokébed aliyahesabu majina kwa vidole, akaishiwa vidole, akaanza upya.

"Tunamupita," alisema. "Kidogo tu, mais tunamupita."

Stanislas naye alijua kuhesabu.

Congrès, mkutano wa wajumbe wa kuchagua rais wa tawi, ilifanyika Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa harusi uliokuwa bado na maua ya karatasi ya bibi arusi wa jana. Ruhusa ya meya, ambaye tangu serikali itangaze hali ya dharura kwa sababu ya vita ni afisa wa polisi, ilisema watu watawanyike kabla ya saa tisa, na polisi wawili walisimama mlangoni kuhakikisha. Kusimamia uchaguzi alitumwa kutoka ofisi ya chama ya Beni mwanasheria mmoja, Maître Étienne, mzaliwa wa Kisangani, kijana msafi, mwenye haraka, asiyejua mji. Alipanda jukwaani akasoma wagombea.

"Kakule Stanislas." Makofi.

"Kavira Agar." Makofi, na vigelegele kutoka kwa wanawake.

"Kavira Yolande."

Watu wakatazamana. Kavira Yolande ni nani? Kisha mama mmoja mnene, mpole, mwenye kitenge kipya kilichokuwa hakijafuliwa hata mara moja, akainuka nusu, akaketi tena. Alikuwa Mama Elysée, mke wa mwalimu, mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu ambaye hakuwahi kumaliza mkutano mmoja bila kusinzia. Nusu ya ukumbi haikuwahi kujua kwamba ana jina lingine.

Kavira alielewa palepale, maana orodha ilikaa kwa katibu. Alipita katikati ya viti akaenda kuinama mbele ya yule mama.

"Mama Elysée, nani alikutia humu?"

"Stanislas njo alikuja ku nyumba," Yolande akajibu kwa sauti ya chini. "Aliniambia bamama babili ni muzuri kuliko moya. Itaonyesha chama inapenda bamama. Alisema na weye unajua."

"Miye sikujua."

Yolande akamtazama, akamtazama Stanislas aliyekuwa akirekebisha koti lake jukwaani. "Yesu wangu. Nitoke?"

Alinyoosha mkono, akaomba kujitoa. Maître Étienne akatikisa kichwa. Majina yakishasomwa, orodha imefungwa, ndivyo sheria ya chama inavyosema. Kisha akaeleza namna ya kupiga kura. Chama hakikuwa na karatasi zilizochapishwa. Kila mjumbe atapewa kipande cheupe, ataandika jina la anayemtaka, atakunja.

"Karatasi iko kidogo," akaongeza, kwa nia njema kabisa. "Muandike kifupi. Jina moja inatosha."

"Très bien, Maître!" Stanislas akasema, akapiga makofi.

Jokébed hakungoja. Alivua viatu, akapita safu kwa safu kabla kalamu hazijagawanywa. "Muandike Agar! Musiandike Kavira. Agar! A-ga-ri!" Wengine walielewa. Wengi walimtazama kama mtu aliyeshikwa na malaria. Mzee Kahongya, mjumbe wa Vuhovi, mkulima aliyekuja na suti ya ndoa yake, alikasirika waziwazi.

"Agar ni mutu wa wapi?"

"Ni Kavira, mzee wangu. Njo jina yake."

"Jina ya Kavira ni Kavira. Miye batu ya Vuhovi walinituma kuchagua Kavira. Sitachagua mutu sijue, hata ungenipigia magoti."

Kavira mwenyewe hakuruhusiwa kusema. Wagombea walikuwa wameketishwa mbele, uso kwa ukumbi. Alimwona Jokébed akibishana, alimwona Mzee Kahongya akiuma ulimi na kuandika polepole, herufi baada ya herufi, na alijua anaandika nini. Hakuwahi kulichukia jina lake kama dakika ile. Alikuwa amelibeba sokoni, kanisani, kwenye harusi za watu, mahali ambapo wenzake waliitwa Mama na yeye akaitwa kama mtoto anayetumwa maji. Sasa lilikuwa linamnyonga mbele ya macho yake.

Kura zikafunguliwa. Maître Étienne alisoma kwa sauti, na mwanzoni ukumbi ulifuata kwa furaha, kama mchezo wa mpira.

"Stanislas. Kakule. Stanislas. Agar. Kavira." Akasimama. "Kavira nani?"

Kura ni siri, hakuna wa kuulizwa. Akaiweka pembeni. "Stanislas. Kavira. Kavira. Mama Elysée. Kavira."

Karatasi za pembeni zikaongezeka mpaka zikawa rundo. Alipomaliza alizihesabu zote mara mbili, maana alikuwa kijana makini. Stanislas alipata kura hamsini na mbili. Agar, tisa. Mama Elysée, nne. Na zilizoandikwa Kavira, bila neno lingine, zilikuwa arobaini na tano.

Jokébed alijumlisha kabla ya mtu yeyote, akapiga ukelele. Tisa na arobaini na tano ni hamsini na nne. Lakini Maître Étienne alikuwa anafuta miwani yake kwa uchungu wa mtu anayejua wajibu wake.

"Wagombea Kavira wako wawili," alisema. "Sheria inataka nia ya mpiga kura ijulikane. Hizi hazijulikane. Donc, hizi bulletins ziko nulles. Zimekufa. Rais wa tawi ni..."

"Hapana!"

Kavira alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

"Mama, keti. Muda iko karibu kuisha, polisi—"

"Polisi batangoja. Maître, weye hapana mutu wa hapa, sikukasirikie. Acha nikueleze kitu moya, kisha usome jina ya nani unataka."

Stanislas akanyanyuka. Mgombea haongei wakati wa hesabu, alisema. Ukumbi ukamzomea, hata watu wa fulana zake, kwa sababu hakuna Mnande anayekubali kuondoka kabla ya kusikia. Étienne akatazama saa yake, akatazama mlango, akampa Kavira ishara ya mkono.

Kavira akageuka kuukabili ukumbi. Alijua anachotakiwa kusema, na alijua kwamba kikishatoka hakitarudi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kulitamka neno lenyewe mbele ya watu. Aliwaacha wengine waliseme kwa kunong'ona, yeye akajifanya hasikii. Akashika mgongo wa kiti.

"Huku kwetu, Maître, mwanamuke akizala tunamuita na jina ya mutoto. Angalia ule wa kwanza pale. Njo Mama Précieuse. Nyuma yake, Mama Kambere. Ukibauliza jina yabo ya kuzaliwa, batafikiri kwanza. Ile njo heshima yetu." Akakiachia kiti. "Miye sikuzala."

Mtu mmoja akakohoa. Wanawake kadhaa wakainamisha vichwa.

"Sikuzala. Niliolewa, nikakunywa dawa yote, nikaombewa, sikuzala. Batu bote humu banajua. Banajua mpaka majani nilikunywa, sababu bengine njo waliniletea. Kama ningezala hata mutoto moya, hata angekufa, ningekuwa Mama fulani, na ile karatasi ingeandikwa Mama fulani, na leo hapangekuwa shida. Karatasi inasema Kavira sababu miye sikupata ile jina ingine."

"Aibu, mama," akasema mwanamume mmoja wa upande wa Stanislas, na huenda alimwonea huruma kweli. "Inatosha. Keti."

"Aibu iliisha zamani, tata. Nyinyi njo mulinipatia hii jina. Mulinipatia mu soko, mu kanisa, mu matanga. Mukasema 'Kavira' mbele yangu, na nyuma yangu mukasema 'maskini Kavira.' Hapana hata moya alikosea siku zile. Hapana hata moya aliuliza Kavira gani! Mutu akisema 'nenda ununue maharagi kwa Kavira,' mutoto hapana potea. Na leo, juu ni kura, njo munasema hamujue ni ya nani?" Akamgeukia Étienne. Sauti haikupanda, ilikuwa imara. "Miye nilishapiga kura moya Beni, ile haikuhesabiwa. Ile nilikubali, ilikuwa ya serikali. Hii sikubali. Hesabu kura yangu."

Kitabu cha sheria cha Maître Étienne hakikutaja jambo hili. Kwao Kisangani mtu ana jina, na jina liko kwenye kadi. Lakini aliwaona watu wale wote wakitazama sakafu, na hakuhitaji kuelezwa zaidi kwamba mwanamke yule amesema kweli na kweli hiyo imemgharimu. Akageukia upande wa pili wa meza.

"Mama Yolande. Hii jina Kavira, watu wanakuita nayo?"

"Iko mu carte yake!" Stanislas akadakia. "Kisheria ni yake! Maître, carte d'électeur inasema—"

"Nimeuliza mama."

Yolande akasimama. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la kile kitenge kipya. Watu wote wa parokia yake walikuwemo, na mbele yake alisimama Stanislas, mtu aliyempa mume wake mabati ya nyumba kwa kumwamini atalipa pole pole. Alimtazama huyo kwanza. Kisha akamtazama Kavira.

"Iko mu carte, ni kweli," alisema. "Mais mutu wa mwisho kuniita Kavira ni mama yangu, na tulimuzika. Hata bwana yangu hapana niita vile. Mutu akiita 'Kavira' mu barabara, miye sigeuki." Akawageukia wajumbe. "Bale bane waliandika Mama Elysée, bale njo bangu. Ninabashukuru. Ile ingine yote ni ya Kavira. Mumupe."

Kelele zilizofuata zilimfanya polisi mmoja achungulie ndani. Katikati yake Mzee Kahongya alisimama juu ya kiti, suti ikimbana makwapa, akipunga mkono. "Na yangu iko mule! Miye niliandika! Nilisema nini? Nilisema Agar ni nani!" Jokébed alimvuta chini asianguke.

Maître Étienne alivaa miwani. Alilichukua lile rundo la pembeni kwa mikono miwili, akalisogeza mpaka likagusana na zile kura tisa.

"Nia inajulikana," alisema. "Hamsini na nne kwa hamsini na mbili. Rais wa tawi ni Madame Kavira Agar."

Stanislas alikusanya koti lake. Alisema ataandika Kinshasa, kwamba huu ni wizi, kwamba chama hakiwezi kuongozwa kwa machozi. Kavira hakuwa ametoa hata chozi moja, na alimwambia hivyo.

"Andika, Stani. Kesho asubuhi niko mu barabara ya Beni, niende ku fédération, ku ofisi ya chama, nibaelezee mwenyewe. Waasi hapana niogopesha, weye utaniogopesha? Na ukirudi mu chama, karibu, kazi ya kampeni ni mingi."

Stanislas alipoondoka, Kavira akarudi kitini. Akaketi. Sasa machozi yakaja, mengi, na akayaacha yashuke, kwa sababu alikuwa ameshinda na kwa sababu alikuwa amelisema lile neno, na hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa linamliza. Yolande alikuja akasimama kando yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Utanisamehe?"

"Bado," Kavira akasema, akipangusa uso. "Mais kaa hapa."

Yolande akakaa.

Polisi walikuwa wanaanza kuwasukuma watu nje, nao watu hawakutaka kutoka. Wanawake wa soko waliteremka na vigelegele, wahamiaji wa Luofu wakaimba, Mama Précieuse akaanzisha mdundo kwa kupiga kiti. Jokébed, bado hana viatu, alimshika Kavira mabega akamnyanyua wamwone wote.

"Mama Président!" alipaza sauti. "Kuanzia leo hapana mutu atamuita Kavira tena! Mama Président!"

"Mama Président!" ukumbi ukaitikia, hata wale waliokuwa wakitazama sakafu, hao kuliko wote, kwa sauti ya watu wanaotaka kulipa kitu haraka na kukisahau.

Kavira akainua mkono mpaka wakanyamaza.

"Hapana," alisema. "Muniite Kavira. Huyo njo mulichagua. Mukianza kuniita jina ingine, Stanislas ataomba bahesabu upya."